RANTES ya Maabara: Jina Moja, Protini Nyingi

Mwaka 1996 Amanda Proudfoot na wenzake, waliokuwa katika taasisi ya utafiti ya Glaxo mjini Geneva, walichapisha matokeo ambayo kila anayenunua protini ya maabara angepaswa kuyajua kabla hajafungua kichupa. Walikuwa wametengeneza RANTES, protini ya binadamu yenye asidi amino 68, kwa kutumia bakteria E. coli. Bakteria huanza kila protini kwa methionini, na katika RANTES methionini hiyo haikukatwa. Ilibaki imekaa mbele ya serini, ambayo ndiyo ya kwanza katika RANTES ya mwili wa mtu. Tofauti nzima ni asidi amino moja, daltoni 131 juu ya uzito wa daltoni 7,850 hivi. Protini hiyo ilishika vipokezi vyake vizuri, lakini seli hazikusogea. Ilikalia nafasi ya RANTES halisi na kuizuia isifanye kazi. Kitu kilichokusudiwa kuita seli kiligeuka cha kuzinyamazisha.

Kama asidi amino moja inaweza kufanya hivyo, basi jina lililoandikwa kwenye lebo halitoshi. Mtafiti anayeagiza "RANTES ya binadamu, rekombinanti", yaani iliyotengenezwa kwa jeni iliyopandikizwa katika kiumbe kingine, anaweza kuletewa kitu kimoja kati ya vingi vinavyofanana kwa jina na kutofautiana kwa ncha, kwa mikunjo, kwa uchafu uliobaki ndani na kwa tabia yake ndani ya maji. Je, kilichomo kichupani ni nini, kinalingana kwa kiasi gani na kinachozunguka kwenye damu ya mtu, na tofauti hiyo inafika wapi katika majibu tunayoyaamini? Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kazi nyingi zinazotumia protini hizi ni nzuri, ila sehemu inayoeleza protini yenyewe mara nyingi huandikwa kwa mstari mmoja, jina la muuzaji na basi. Kwa protini kama hii, mstari mmoja ni mdogo mno.

Kemokini ni protini ndogo zinazotolewa na seli ili kuziita seli nyingine zije zilipo. Mwiba mchafu ukiingia kidoleni, seli za hapo hutoa kemokini. Seli nyeupe zinazopita kwenye damu hupata habari hiyo, hunata kwenye ukuta wa mshipa, hujipenyeza nje na kwenda kule ambako ukolezi unazidi, mpaka zifike kwenye jeraha. Binadamu ana kemokini karibu 50 na vipokezi karibu 20, na mara nyingi kemokini moja hushika vipokezi kadhaa, na kipokezi kimoja hupokea kemokini kadhaa. Kemokini interleukini-8 ilitengwa mwaka 1987 na watafiti waliokuwa wakitafuta kinachoziita seli nyeupe za aina ya neutrofili. Mwaka uliofuata Thomas Schall na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaieleza jeni ya RANTES, iliyopatikana katika msako wa jeni za seli T. Tangu 2000 jina lake rasmi ni CCL5, lakini maabarani wengi bado husema RANTES, nami nitabaki nalo. Huziita seli T zenye kumbukumbu, monosaiti na eosinofili, kupitia vipokezi CCR1, CCR3 na CCR5.

Hicho cha tatu ndicho kilichoifanya RANTES ijulikane nje ya duru ya wataalamu. Ilikuwa imejulikana kwa miaka kadhaa kwamba seli T za CD8 hutoa kitu kinachozuia VVU kuzaliana, bila mtu kukishika kitu chenyewe. Desemba 1995 kikundi cha Paolo Lusso na Robert Gallo kilionyesha kwamba sehemu kubwa ya kizuizi hicho ni kemokini tatu, RANTES ikiwamo. Protini rekombinanti zilipotiwa kwenye seli zilizoambukizwa, virusi vilipungua kadiri dozi ilivyopanda. Na kingamwili dhidi ya zote tatu zilipotiwa pamoja, kizuizi kilitoweka. Mwaka 1996 sababu ikajulikana. VVU vinavyoambukizwa kwa kawaida kati ya mtu na mtu hutumia CCR5 kama mlango wa pili baada ya kipokezi CD4 kilicho juu ya seli, na mlango ukiwa tayari na mtu, virusi hubaki nje. Mwaka huohuo ikagunduliwa kwamba waliorithi upungufu wa herufi 32 za DNA katika jeni ya CCR5 kutoka kwa wazazi wote wawili wana kinga kubwa dhidi ya maambukizi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya hao ni kama mmoja kati ya mia. Kwa Waafrika ni nadra mno. Dawa ya maraviroc, inayofunga CCR5, iliidhinishwa Marekani mwaka 2007.

Hapo methionini ya Geneva ikapata uzito mpya. Kama ncha ya RANTES ikibadilishwa protini inaendelea kushika CCR5 bila kuiamsha seli, basi huenda ikawa kinga dhidi ya VVU isiyoleta uvimbe na homa. Mwaka 1997 ikaja AOP-RANTES, iliyoongezewa mnyororo mfupi wa kikemikali kwenye ncha, ambayo huivuta CCR5 ndani ya seli na kuizuia isirudi juu upesi. Mwaka 2004 aina nyingine, PSC-RANTES, iliwakinga nyani wa kike walipopakwa ukeni kabla ya kuwekewa virusi, ingawa ilihitaji dozi kubwa sana. Tatizo lilikuwa gharama: viungo vyake vya kikemikali havitengenezwi na kiumbe hai, lazima viunganishwe kwa mkono wa mkemia. Ndiyo maana kazi ya mwaka 2008 ya Oliver Hartley na wenzake, pia wa Geneva, naiona ya heshima kubwa. Walipekua mabadiliko mengi ya asidi amino za mwanzo mpaka wakapata 5P12-RANTES, yenye nguvu karibu sawa na PSC-RANTES lakini ikiwa na asidi amino za kawaida tupu, hivyo inaweza kuzalishwa na vijidudu kwa bei ya chini. Lengo lao lilikuwa kinga ambayo mwanamke wa nchi maskini angeweza kuitumia bila kuomba ruhusa ya mtu. Bado haijafika madukani.

Turudi kwenye kichupa, maana kinavyopatikana ndiyo asili ya maswali mengi. Jeni ya RANTES, bila kile kipande cha mwanzo cha asidi amino 23 kinachoielekeza protini itoke nje ya seli, huingizwa kwenye E. coli. Bakteria huizalisha kwa kasi kubwa kiasi kwamba protini haipati nafasi ya kujikunja inavyostahili, ikajazana ndani yao kwa madonge yasiyoyeyuka. Fundi hupasua bakteria, huosha madonge hayo na kuyayeyusha katika guanidini ya molari 6, ambayo huinyoosha protini yote. Kisha huizimua polepole katika maji yenye glutathioni za aina mbili ili sisteini nne zishikane kwa mpangilio wake: ya 10 na ya 34, ya 11 na ya 50. Zikishikana vingine, uzito haubadiliki, usafi kwenye jeli hauonyeshi kasoro, na protini haifanyi kazi. Ndiyo sababu cheti kinachosema "usafi zaidi ya asilimia 95" hakijajibu swali la msingi. Protini iliyojikunja vibaya inaweza kuwa safi kabisa.

Ncha nayo ina ufundi wake. Ili kuepuka methionini, watengenezaji wengi huweka mbele ya RANTES kipande cha ziada, halafu hukikata kwa kimeng'enya ambacho hukata mahali pamoja tu, serini ibaki ya kwanza. Wengine hubandika mkia wa histidini sita ili kurahisisha usafishaji. Ukiwekwa nyuma, madhara yake kwa kawaida ni madogo. Ukiwekwa mbele na kuachwa hapo, umefanya kosa lilelile la methionini kwa ukubwa zaidi. Kabla ya kununua, mtu aangalie mfuatano wa asidi amino kwenye karatasi ya bidhaa, asome zile tano za mwanzo, na kama hazikuandikwa, amwulize muuzaji. Mashine ya kupima uzito wa molekuli huiona tofauti ya daltoni 131 bila shida, kwa hiyo muuzaji makini anayo majibu.

Kinachofika hatimaye ni mikrogramu 10 au 20 za unga uliokaushwa kwa baridi, ambao mara nyingi jicho halioni. Kichupa lazima kizungushwe kwenye sentrifuji kabla ya kufunguliwa, maana unga ukiwa umenata kwenye kifuniko, kazi ya mwezi hupotea kwa mkono mmoja. Protini ikishayeyushwa hunata kwenye plastiki, hasa ikiwa nyembamba, na ukolezi ulioandikwa daftarini haufanani tena na uliomo kwenye mrija. Albumini kidogo ya ng'ombe hupunguza hasara hiyo. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huiharibu, kwa hiyo hugawanywa siku ya kwanza katika mirija midogo, kila mmoja wa matumizi ya mara moja. Pale ambapo umeme hukatika na kichupa kilikaa forodhani, hatua hizi ndogo ndizo zinazoamua kama jaribio litasimama.

Uthibitisho wa kazi hutafutwa kwa kifaa ambacho Stephen Boyden alikieleza mwaka 1962: vyumba viwili, kimoja juu ya kingine, katikati utando wenye matundu ya mikromita chache. Kemokini chini, seli juu, muda wa saa moja hadi tatu katika joto la mwili, halafu seli zilizovuka huhesabiwa. Kinachowapotosha wengi ni umbo la majibu. Seli huongezeka kadiri dozi inavyopanda, hufika kileleni, kisha huanza kupungua dozi ikizidi, kwa sababu vipokezi vimejaa na tofauti ya ukolezi kati ya mbele na nyuma ya seli imefutika. Mwanafunzi aliyejaribu dozi moja kubwa anaweza kuandika kwamba protini imekufa, kumbe amepita kilele. Kuna mtego mwingine: baadhi ya vitu huzichangamsha seli tu zitembee ovyo, nyingine zikavuka kwa bahati. Sally Zigmond na James Hirsch walionyesha mwaka 1973 namna ya kutenganisha mawili hayo, kwa kuweka ukolezi tofauti juu na chini katika kila mchanganyiko. Kama seli zinavuka sawasawa hata pale kemokini iko sawa pande zote, hakuna kuitwa, kuna kuchangamka tu. Jaribio hilo linachosha, na kwa hiyo huachwa mara nyingi kuliko inavyostahili.

Uchafu mbaya kuliko wote katika protini ya bakteria ni endotoksini, mafuta yenye sukari kutoka kwenye ngozi ya E. coli mwenyewe. Monosaiti za binadamu huitambua kwa kiasi kidogo ajabu, hata pikogramu makumi kadhaa kwa mililita, na zikiitambua hutoa interleukini-8 na nyinginezo kwa wingi. Tufanye hesabu. Bidhaa yenye uniti 1 ya endotoksini kwa kila mikrogramu ya protini huonekana safi. Uniti 1 ni kama pikogramu 100. Ukitumia RANTES nanogramu 100 kwa mililita, umetia pikogramu 10 za endotoksini, na pengine utasalimika. Ukipanda hadi mikrogramu 1 kwa mililita, pikogramu ni 100, na monosaiti zitajibu kwa sauti. Kisha makala itaandikwa kwamba RANTES ikiwa nyingi huzifanya monosaiti zitoe interleukini-8. Dawa ya kosa hili ni rahisi: chemsha sehemu ya protini mpaka ithibitike kwamba RANTES imeharibika. Endotoksini itastahimili. Kama seli bado zinajibu, mwenye kuziamsha amejulikana.

Ila si kila ajabu la dozi kubwa ni uchafu, na hapa ndipo suala linanoga. RANTES yenyewe hupenda kushikana na kujipanga katika minyororo mirefu. Katika nanomolari chache hutenda kama kemokini ya kawaida. Ikifika mikromolari huziamsha seli T kwa njia nyingine kabisa, jambo lililoripotiwa mwaka 1995, na katika hali fulani huongeza maambukizi ya VVU badala ya kuyazuia. Chembe hizo zilizoshikana hung'ang'ania pia sukari ndefu za jamii ya heparini zilizo juu ya seli, kwa kutumia mahali pa asidi amino ya 44 hadi ya 47. Watafiti wametengeneza RANTES isiyoshikana, kwa kubadilisha asidi ya glutamiki ya 66 kuwa serini, na nyingine isiyoshika heparini. Hizo ndizo zilizosaidia kutenganisha tabia za protini hii. Kwangu mimi huo ndio ubora mkubwa wa rekombinanti: mtu anaweza kuuliza swali kwa kugusa asidi amino moja. Damu ya mtu haikupi nafasi hiyo hata siku moja.

Na ile tunayoiita RANTES halisi, ya mwilini, nayo si moja. Kimeng'enya CD26, kilichopo kwenye seli T na ndani ya plasma, huikata asidi amino mbili za mwanzo. Inayobaki hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake kwa CCR1, inaendelea kushika CCR5, na inazuia VVU vizuri zaidi. Mwili, kwa maneno mengine, hufanya wenyewe kazi ya kubadilisha ncha. Anayeweka RANTES kamili kwenye seli zenye CD26 nyingi na kurudi kesho yake anapima mchanganyiko. Vifaa vingi vya ELISA, kipimo cha kiasi cha protini kinachotumia kingamwili, havitofautishi iliyokatwa na isiyokatwa. Zote mbili husomeka kama namba moja.

ELISA inatuleta Afrika Mashariki, kwa sababu huku protini rekombinanti hutumika sana kama kipimio. Katika kila sahani ya ELISA kuna safu ya RANTES rekombinanti iliyozimuliwa kwa hatua, na damu ya mgonjwa husomwa dhidi ya safu hiyo. Kipimio kikiwa na kasoro, kila namba inayofuata imebeba kasoro hiyo. Mwaka 2006 zilichapishwa kazi mbili muhimu kuhusu watoto wenye malaria. Moja, ya watoto wa magharibi mwa Kenya, ilionyesha kwamba RANTES hushuka katika malaria kali. Nyingine, ya Chandy John na wenzake katika hospitali ya Mulago, Kampala, ilionyesha kwamba watoto wenye malaria ya ubongo waliokuwa na RANTES ya chini walikuwa katika hatari zaidi ya kufa. Hizi ni habari za uzito. Kama namba ya maabara inaweza kumwambia daktari mtoto yupi aangaliwe kwanza, inastahili kuaminika.

Lakini RANTES nyingi ya damu imehifadhiwa ndani ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na malaria hupunguza chembe sahani. Kwa hiyo kushuka kwa RANTES kunaweza kueleza hali ya seli T, au hali ya chembe sahani, au vyote viwili. Na watafiti wa Kenya waliuona uhusiano huo. Zaidi ya hapo, damu ikiachwa igande kwenye mrija ili ipatikane seramu, chembe sahani hupasuka na kumwaga RANTES yao. Seramu na plasma za mtu yuleyule, za saa ileile, hutoa namba zilizo mbali kabisa. Hata plasma, ikicheleweshwa kuzungushwa au ikizungushwa kwa kasi ndogo, hubaki na chembe sahani zitakazopasuka kwenye friza. Kliniki iliyo mbali na sentrifuji itapata RANTES ya juu kuliko iliyo karibu nayo, na tofauti hiyo haitahusu ugonjwa hata chembe. Kwa hiyo jedwali la RANTES lisiloeleza aina ya mrija na muda wa kusubiri mimi sitalitegemea, hata limetoka kwenye jarida gani.

Lipo jingine linalotuhusu zaidi, nalo halitajwi vya kutosha. Mwaka 1993 Richard Horuk na wenzake walionyesha kwamba antijeni ya Duffy kwenye seli nyekundu, ambayo kimelea Plasmodium vivax huitumia kuingia, ni kipokezi cha kemokini. Hushika RANTES, interleukini-8 na nyingine kadhaa bila kupeleka ujumbe wowote ndani ya seli. Kazi yake ni kuzinasa. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara hawana Duffy kwenye seli zao nyekundu, kwa badiliko la herufi moja ya DNA lililoelezwa mwaka 1995. Ukitia RANTES rekombinanti kwenye damu nzima ya mtu mwenye Duffy, sehemu yake hunaswa na seli nyekundu. Kwa asiye nayo, hubaki huru kwenye plasma. Jaribio lilelile, dozi ileile, na ukolezi halisi unaozifikia seli nyeupe ni tofauti. Viwango vya kawaida vilivyopimwa kwa watu wa Ulaya haviwezi kuhamishiwa Kisumu au Morogoro bila kupimwa upya, na jaribio la damu nzima linalochanganya watu wa aina zote mbili bila kuwatenganisha linajiharibia lenyewe.

Wanawake wa Nairobi wanaouza ngono ambao hawakuambukizwa VVU licha ya miaka ya kukutana navyo, wanaofuatiliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, wanaonyesha faida ya kuuliza maswali haya kwa utulivu. Upungufu wa CCR5 wa Kizungu haukueleza kinga yao. Mwaka 2005 ikaripotiwa kwamba utando wa uke wao ulikuwa na RANTES nyingi zaidi kuliko wa wanawake wengine. Ni rahisi kuruka hapo na kusema sababu imepatikana. Lakini katika utando huohuo seli T nazo zilikuwa nyingi zaidi, na kila swali la juu linarudi: je, ni RANTES nzima au iliyokatwa na CD26, inatoka kwenye seli gani, na kiasi hicho kinatosha kukalia CCR5 pale virusi vinapoingilia? Majibu yanahitaji vipimio vya aina zote mbili za ncha, kingamwili zinazozitofautisha, na protini ambayo anayeitumia ameisoma mfuatano wake herufi kwa herufi. Vyote hivyo vinaweza kutengenezwa leo. Wanawake hao wametoa sampuli zao tangu miaka ya 1980, na kazi iliyobaki ni ya walio maabarani.